Riwaya nimeiegesha yadini

Mwezi wa tatu nilifanya jambo ambalo kwa miaka kumi nililihesabu kuwa la watu walioshindwa. Nilichukua riwaya yangu, kurasa 143, nusu kwa mkono na nusu zimechapwa, nikaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikaipandisha juu ya kabati la vyombo, kule mke wangu anakoweka sufuria za sherehe. Akaniuliza, "Imeisha?" Nikamwambia hapana, nimeiegesha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hajafa ila ameshazikwa.

Mimi ni ajenti wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kuklia mizigo ya watu, yaani kuitoa forodhani: mchele, vigae, nguo za mtumba, vipuri, wakati mwingine kontena ambalo mwenyewe halijui vizuri. Kwa hiyo magari yaliyosimama nayafahamu. Lori lililoegeshwa si lori lililokufa. Dereva anayejua atakaa yadini wiki mbili huchomoa waya wa betri. Asipouchomoa, siku ya kuondoka atakuta betri imekwisha ilhali gari halikwenda popote. Riwaya yangu ilikuwa inanimaliza betri namna hiyo. Siiandiki, lakini nayo haizimi.

Shida haikuwa kukosa la kuandika. Ningekosa ningelala. Shida ni kwamba vilikuwa vitabu vinne, na mwandishi mmoja ambaye saa moja kasoro asubuhi ameshapigiwa simu na dereva.

Riwaya ndiyo ilikuwa kifungua mimba. Julai 1975 baridi kali iliiunguza mikahawa ya kusini mwa Brazil, bei ya kahawa ikapaa dunia nzima, na huku kwetu, chini ya Amin, mkulima analipwa shilingi ambazo hazimnunulii sabuni. Unategemea nini? Kahawa ikaota miguu. Ilipanda Mlima Elgon usiku ikashukia Chepkube, soko la upande wa Kenya ambalo mwaka 1976 lilitajirisha watu mpaka jina lake likawa neno. Nyingine ilipita ziwani kwa mitumbwi. Riwaya yangu ni ya mtumbwi mmoja wenye watu watano na magunia tisa. Barafu inaanguka Brazil, mtu anazama Ziwa Victoria. Hata sasa nikiisema kwa sauti nywele zinanisimama, na hapo ndipo penye mtego: kuisema kunanitosha. Nilianza kuiandika 2015, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, na sitajidai kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Nilishapanga mpaka shati la kuvaa siku ya kupokea.

Kisha Mzee. Baba yangu alizaliwa 1948 na alibeba watu kwa baiskeli hapa mpakani tangu ujana wake, siku ambazo kutoka kizuizi cha Uganda mpaka cha Kenya palikuwa na kipande kirefu cha ardhi ambacho magari ya abiria hayavuki. Vijana wa baiskeli wakisimama pale wanaita "boda, boda", yaani mpaka mpaka, na jina hilo leo limeingia kwenye lugha za watu ambao Busia hawaijui hata kwa ramani. Nina saa kumi na moja za sauti yake kwenye simu. Kuhamisha saa moja ya Mzee kwenda kwenye karatasi hunichukua saa sita, kwa sababu huanza kwa Kisamia, akavukia Kiswahili akifika kwa polisi, akamalizia kwa Luganda akifika kwenye pesa. Piga hesabu mwenyewe: saa sitini na sita, na hapo sijaandika sentensi hata moja iliyo yangu.

Cha tatu kilikuwa cha tumbo. Tangu mtaala mpya wa 2020 uanze, Kiswahili ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na rafiki yangu mwalimu amekuwa akinisukuma: andika kitabu kidogo cha hadithi cha kusomwa darasani, pesa iko hapo. Iko, sibishi. Lakini mimi sijawahi kusimama mbele ya watoto sitini wenye miaka kumi na mitatu, na kila nilipojaribu kuwaandikia nilijikuta nawahutubia kama mjomba kwenye harusi. Hiki nilikiacha bila majonzi, ingawa karo za muhula hunikumbusha.

Cha nne hata sikuwa nakiita kitabu. Ni kaunta buku, lile daftari la jalada gumu, ninaloliweka chini ya kibodi pale ofisini na kuandika maneno. Si maneno magumu. Ni maneno ya Kiswahili ambayo Uganda iliyapokea kwa mlango wake yenyewe, ikayapa kazi nyingine. Nitayarudia.

Kila mtu ana ushauri kuhusu mtu wa namna yangu. Mmoja anasema anza na kinachoingiza pesa, mwingine anza na kilicho karibu kwisha. Wengi husema: andika kile unachokipenda zaidi. Ushauri huu wa mwisho umeniharibia miaka. Kipenzi cha mwandishi daima ni kile ambacho hajakiandika, kwa sababu hakijamkosea. Mgeni siku mbili, walisema wazee, siku ya tatu mpe jembe. Nami mawazo yangu nilikuwa nayachinjia kuku siku ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na jembe limelala nyuma ya mlango. Wazo likishikishwa jembe ndipo unalijua. Mengi huaga.

Nilijaribu ratiba. Jumatatu riwaya, Jumanne Mzee, Jumatano shule, Alhamisi maneno. Ilidumu wiki sita na ilikuwa mateso safi, kwa kuwa Jumatatu haina habari kwamba ni ya riwaya. Jumatatu kuna malori ya Jumapili. Nikikosa siku ya kitabu fulani, kitabu hicho hunisubiri wiki nzima kimenuna, na nikirudi natumia muda wote kukibembeleza.

Nikajaribu kuchanganya. Rafiki mmoja, msomaji mzuri tu, aliniambia hivi vyote ni kitabu kimoja: mweke Mzee ndani ya mtumbwi, maneno yawe ya wahusika, ukimaliza shule zitanunua. Ilisikika kama akili kubwa. Niliandika kurasa ishirini za hiyo katogo. Katogo ya matoke na utumbo naipenda kuliko chakula chochote cha asubuhi, lakini anayeipika anajua kwamba hutupi kila kilichoko jikoni. Mzee ndani ya mtumbwi alikaa kama mtu aliyepanda gari siyo. Hata kuogelea hajui.

Tena lipo lile la kuhimizana kwamba mzee akifa maktaba imeungua, kwa hiyo acha yote, mwandike kwanza. Siwezi kukupa idadi ya walioniambia hilo. Siku moja nikalipeleka kwa mwenyewe. Alikuwa ameketi nje anamenya muhogo. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Sasa mimi ni maktaba? Maktaba gani hiyo inameza dawa za presha?" Halafu akasema, bila kucheka, "Usiniandike kwa kuharakisha kama mtu anayeogopa mvua. Mimi niko. Andika hayo yako." Niseme pia kwamba ile maktaba ina nakala tatu za kila kitabu. Baiskeli yake ya kwanza, aina ya Raleigh, kwenye rekodi ya saa ya pili aliinunua kwa pesa za kahawa. Saa ya tano aliachiwa na Mhindi mwenye duka wakati wa kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Saa ya tisa aliishinda kwenye karata. Nampenda sana, lakini hii si kazi ya kufanywa kwa mbio.

Kilichonisaidia mwishowe ni jambo dogo mno la kiofisi. Kazi yangu ni ya kujaza fomu, na siku moja niliamua kujitolea tamko mwenyewe: nina muda kiasi gani hasa? Si ninaoutamani. Ninao. Kwa wiki mbili niliandika kila kipande cha muda ambacho kilikuwa changu, kilipoanza na kilipoishia.

Busia ya sasa si ile ya Mzee. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe Februari 2018, lori husimama mara moja, maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, na karatasi nyingi zimeshamalizwa Mombasa kabla gurudumu halijazunguka. Lakini kungoja hakujakwisha, kumegawanyika tu. Unangoja sistimu ifunguke. Unangoja ofisa atoke kula. Unangoja mwenye mzigo atume pesa ambayo "imeshatumwa". Unangoja taniboi, msaidizi wa dereva, aliyekwenda kutafuta chaji ya simu arudi na ankara ambayo, kumbe, ilikuwa kwenye hiyo simu. Siku yangu ni makombo.

Nilipojumlisha nilipata saa kumi na saba na dakika arobaini kwa wiki mbili. Nilifurahi, ni nyingi kuliko nilivyodhani. Kisha nikaangalia vipande. Vilikuwa thelathini na vinane, na kati ya hivyo ishirini na tisa havikufika nusu saa. Vilivyobaki tisa vilikuwa na jumla ya saa nane. Kirefu kuliko vyote ni saa moja na dakika hamsini, Jumamosi alfajiri, kwa sababu umeme ulikatika nikashindwa kupiga pasi.

Sasa riwaya yangu ina ada yake ya kuingilia. Lazima nisome kurasa za mwisho nilizoandika, nikumbuke nani amekaa mbele na nani anapiga kasia, upepo unatoka wapi, nani anajua kwamba gunia la saba lina mchanga. Dakika arobaini, si chini. Toa dakika arobaini kwenye kila kimoja cha vile vipande tisa, unabakiwa na saa mbili. Saa mbili za kuandika kwa wiki mbili, na hapo nimeinyima familia kila dakika ndefu niliyokuwa nayo. Na vile vipande ishirini na tisa, karibu saa kumi kwa jumla, riwaya haiwezi kuvigusa. Kwa miaka kumi nilikuwa navitumia kuumia.

Lakini neno moja huingia ndani ya dakika ishirini kama mkono ndani ya glovu.

Sikupenda jibu hilo, niseme kweli. Riwaya ni riwaya. Ukiwa na riwaya watu wanakuuliza itatoka lini. Ukiwa na kaunta buku ya maneno wanadhani unajifunza lugha. Nilizunguka nalo siku nne, nikitafuta kosa kwenye hesabu. Kosa halikuwepo. Nilikuwa nachagua kazi kwa saa nilizozitamani, saa za mtu mwingine kabisa, mwenye chumba na mlango unaofungwa.

Basi nikaiegesha riwaya kwa utaratibu. Niliandika karatasi moja na kuiweka juu kabisa: nimeishia wapi, nani yuko mtumbwini, wanaogopa nini, sentensi inayofuata ni ipi. Hiyo sentensi inayofuata ndiyo muhimu. Niliiacha bila kuiandika ndani, ili atakayerudi, ambaye natumaini ni mimi, akute mlango haujafungwa kwa komeo. Kisha nikajikataza kuigusa. Hata kuisimulia nimejikataza, na sasa nimeisimulia hapa, lakini hii ni mara ya mwisho.

Maneno yenyewe, sasa. Uganda na Kiswahili ni habari ndefu. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973. Marekebisho ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Na mpaka leo nikienda Kampala nikamwagiza mtu chai kwa Kiswahili, ananiuliza kama mimi ni afande. Watu hawakujifunza lugha hii kwa shairi. Waliijifunza kwenye vizuizi vya barabarani. Ndiyo maana maneno yaliyobaki yana makovu. *Mafuta mingi*: waliogawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa, wakanenepa kwa siku chache, na mtu akisahihisha kwamba ni mafuta mengi, anapoteza neno lote, kwa sababu lile kosa la sarufi ndilo linalokuonyesha nani alikuwa akisema. *Kibanda*: soko la magendo la dola. *Bakombozi*: wakombozi waliovalishwa kiambishi cha Kiganda, yaani askari walioingia kutoka Tanzania mwaka 1979. Kila neno nalipatia nusu ukurasa: nani kaniambia, alikuwa anafanya nini, alitamkaje.

Mfano wa siku moja. Mtandao umekatika, madereva watatu wamekaa kwenye benchi letu. Naandika *saba saba*, na dereva wa Mwanza, aliyeleta mchele kwa kupitia Sirari, anachungulia. "Hiyo ni sikukuu, ajenti. Maonyesho ya Dar es Salaam. Tarehe ile TANU ilizaliwa." Mwenzake wa Nakuru akakataa kata kata: Saba Saba ni 1990, watu wanataka vyama vingi, uwanja wa Kamukunji kule Nairobi, mabomu ya machozi. Mimi nikawaambia kwamba kwetu saba saba ni mzinga. Yale makombora ya Watanzania ya mwaka 1979, kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili. Watu wazima bado hukuonyesha kwa mdomo lilivyokuwa likilia. Yule wa Mwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi ndio tulilipiga, na jina hatulijui?" Wakabishana mpaka mtandao ukarudi. Nusu ukurasa ulikuwa umejaa, na mimi nilikuwa nimeandika tu. Tangu lini riwaya ikanifanyia hivyo?

Mpaka wiki iliyopita nina maneno sitini na moja. Na mawazo mapya hayajaacha kuja, si nimesema mimi siyo mkame. Lakini sasa yana mahali pake. Naigeuza kaunta buku kichwa chini, nafungua kutoka nyuma, naandika mistari isiyozidi sita na tarehe. Siruhusiwi kusoma nyuma kabla ya arobaini ya wazo hilo. Nimeshafanya arobaini kwa mawazo manne. Matatu sikuelewa hata nilikuwa nimelewa nini.

Jumapili nilimpelekea Mzee neno. Huwa nampelekea moja moja. Rekoda siiwashi, kwa sababu rekoda ikiwaka anakuwa mtangazaji. Nilimuuliza *panda gari*. Anayejua anajua: miaka ile ya themanini mwanzoni, serikali ya pili ya Obote, askari wanazingira mtaa, kila mtu ndani ya lori, na kuna mtu amekaa pembeni wa kunyooshea wengine kidole. Nilitegemea anipe nusu ukurasa wangu nikanywe chai.

Akaweka kikombe chini. Akasema alikuwa Kampala, 1982 au 1983, alikwenda kununua mnyororo na spoku. Walipandishwa. Mwanajeshi akapita akiwauliza, yeye akajibu kwa Kiswahili cha huku mpakani, akaambiwa, "Wewe shuka." Jirani yake, kijana waliyebanana bega kwa bega tangu mtaani, alijibu kwa Luganda. Mzee aliteremka na mnyororo wake mpya mfukoni. Hakugeuka nyuma. Saa kumi na moja za rekodi, na jambo hili halimo.

Nikangoja. Hakuongeza. Akaniuliza kama muhogo wa mwaka huu nimeuona ulivyo mchungu.

Usiku nililala na lori lile. Lilikuwa tayari na sura ya kwanza, lilikuwa na mwisho, na nilijua kabisa ni la kitabu gani, tena si hiki cha maneno. Saa tisa nikaamka, nikawasha tochi ya simu. Ukurasa wa *panda gari* nikauandikia maana yake, miaka yake, na kwamba aliyenieleza aliokolewa na Kiswahili chake. Kisha nikaigeuza kaunta buku kichwa chini. Mstari wa sita uliishia kwenye mnyororo. Nikaandika tarehe, nikahesabu arobaini kwa vidole, nikarudi mbele, ambako neno linalofuata ni *panya*, njia za panya, na dereva wa vigae alikuwa ameshaanza kupiga simu.